Barua Tatu Ndani ya Kamusi

Katika nyumba ya Bi Kuruthumu, Mtaa wa Narung'ombe, chumba cha tatu mkono wa kushoto kilikuwa cha Augustino. Aliyetaka kujua kama mwenyewe yumo alitazama ndala. Zikiwa mlangoni, yumo, na anasoma. Hakuna aliyehitaji kubisha hodi, na kwa kweli hakuna aliyebisha.

Alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika chuo kimoja cha mjini, akisomea fasihi. Chumbani mwake mlikuwa na kitanda cha kamba, meza yenye mguu mmoja mfupi, sanduku la bati, na vitabu vingi kuliko nguo. Vingine aliviazima Maktaba Kuu, vingine alivinunua kwa wauza vitabu vikuukuu waliotandaza magunia kando ya Msimbazi. Alikuwa na riwaya za nchi za theluji. Alikuwa na hadithi za visiwa vya mashariki ya mbali, ambako watu huinamiana badala ya kupeana mikono. Alikuwa na visa vya mashamba ya miwa ng'ambo ya Atlantiki, na vya watu wa Afrika ya Magharibi wanaogombea viazi vikuu kama sisi tunavyogombea mipaka ya viwanja. Alijua kwa majina mito ya nchi asizozikanyaga. Jina la mtoto wa chumba cha pili, aliyelia kila asubuhi nyuma ya ukuta wake, hakulijua.

Kukaa na watu wa vitabuni kuna raha moja: hawaulizi kitu. Hawakuulizi umekula nini, wala lini utakwenda kwenu.

Swali hilo la pili ndilo Augustino alilokuwa akilikimbia. Mama yake, Celina, alikuwa mjane wa upande wa Ndanda, wilaya ya Masasi. Katika muda wa miaka miwili alikuwa amemwandikia mwanawe barua tatu, na zote tatu zilikuwa ndani ya kamusi nene ya Kiingereza, hazijafunguliwa.

Chanzo chake kilikuwa hiki. Mwaka wa kwanza wa masomo, Augustino alikaa bwenini, upande wa Upanga. Siku moja mchana alisimama langoni na wenzake watatu, vijana wa mjini waliovaa bugaluu, suruali za miguu mipana, na viatu vya raizoni vya soli nene, wakibishana juu ya riwaya moja ya kigeni. Akatokea mama wa makamo, kanga zimepauka kwa vumbi la safari ya siku mbili, miguuni katambuga za mpira wa gari, kichwani kikapu cha korosho. Alipomwona mwanawe alitabasamu, akaanza kukitua kikapu.

"Nani huyo, Augustino?" mmoja aliuliza.

Naye, hata hajafikiri, akajibu, "Jirani yetu wa nyumbani."

Celina alisikia. Kikapu kilikuwa bado mikononi mwake, hakijafika chini. Akakitua taratibu, akawatazama wale vijana, akasema, "Ndiyo, wanangu. Mama yake amenituma nimletee korosho."

Basi. Alisema amefikia Keko kwa watu wa kwao, na kesho yake akapanda basi la kusini. Wale wenzake walizila korosho na kuzisifu. Augustino hakuonja hata moja. Kwamba mtoto amedanganya, hilo dunia imelizoea. Kilichomlemea ni kwamba mama yake aliupokea uongo ule palepale, akausimamisha vizuri, ili yeye asiaibike mbele ya watu.

Barua ya kwanza ilipofika aliutambua mwandiko wa katekista, kwani Celina hakujua kusoma wala kuandika. Akaogopa kuifungua. Ndani yake mlikuwa ama na lawama ama na msamaha, na hakujua kipi kingekuwa kizito zaidi. Akaitia ndani ya kamusi, akasema ataisoma kesho. Lakini kesho ya mtu mwenye aibu haina tarehe. Ya pili ikaifuata ya kwanza. Ya tatu ilikuja kwa mwandiko mwingine, herufi kubwa za kupinda kama za mtoto. Alidhani katekista amemwachia mwanawe kazi. Nayo ikaingia kamusini.

Mwaka wa sabini na tano mhadhiri wao aliwapa insha ya kumalizia masomo: msomaji wa hapa kwetu anapata nini katika fasihi ya watu wa mbali? Augustino aliona swali limeulizwa kwa ajili yake. Akaandika daftarini: "Fasihi haina mipaka. Msomaji mwenye elimu huvuka bahari bila kulowa miguu." Aliupenda sana mstari huo. Aliusoma kwa sauti mara tatu, peke yake chumbani, na hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba asiyelowa miguu hajavuka kitu.

Maana alikuwa mpweke, na upweke wa Kariakoo ni mbaya kuliko wa porini, kwa kuwa una kelele. Jumapili, akitoka misani, alikwenda kukaa kwenye nyasi za Mnazi Mmoja, kitabu mapajani, akiwatazama watu wanaokatiza kati ya Kariakoo na mjini. Akifika kwenye ukurasa wa kuchekesha aliinua uso kutafuta wa kumsimulia, kisha akauinamisha tena. Siku nyingine ilikwisha nzima hajatamka ila "shikamoo" na "asante".

Kilichomtoa chumbani ni kisomo. Miaka ile nchi nzima ilikuwa darasani. Aliyejua kusoma alipaswa kumfundisha asiyejua, na mjumbe wa nyumba kumi hakutaka kusikia udhuru. Augustino akapewa darasa la barazani kwa Bi Kuruthumu, siku nne kwa wiki, baada ya sala ya alasiri. Wanafunzi walikuwa saba au wanane, lakini watatu hawakukosa kamwe. Wa kwanza ni Bi Kuruthumu mwenyewe, mwenye nyumba, mama mtu mzima wa ukoo wa zamani wa mji huu. Wa pili ni Mzee Mwinyimvua, muuza kahawa, aliyekuja na dele lake la kahawa na vikombe vyake na kuviweka chini kama askari anayeweka silaha. Wa tatu ni Kijakazi, aliyeuza vitumbua sokoni, mwenye ulimi mwepesi kuliko mkono wake wa kuandika.

"Shikamooni," Augustino alisema siku ya kwanza, ubao umeegemezwa ukutani.

"Marahaba, mwalimu," wakajibu. Kijakazi akaongeza, "Leo ndiyo nakisikia kinywa chako, mwalimu. Mwaka mzima nimedhani Bi Kuruthumu kapangisha kwa bubu."

Kitabu walicholetewa kilihusu kilimo cha pamba. Kijakazi alifuata maneno kwa kidole, "Pa-li-li-a pa-mba ma-pe-ma," kisha akainua uso.

"Mwalimu, pamba hii naipalilia wapi? Mtaa wa Kongo, katikati ya lami?"

"Ipande kwenye sinia lako la vitumbua," alisema Mzee Mwinyimvua. "Labda vitalainika. Vya leo nimetafuna kama kokoto."

"Mzee wangu, meno ndiyo yaliyokuaga. Usivisingizie vitumbua vya watu."

Walicheka, lakini wiki ya tatu watu walianza kupungua. Pamba iliwachosha. Augustino, kwa kuogopa kuitwa na mjumbe, akafanya nao mapatano: wakimaliza ukurasa wa siku hiyo, atawasimulia hadithi kutoka kwenye kitabu anachokisoma mwenyewe. Kitabu chenyewe ndicho alichokichagua kwa ajili ya insha, riwaya nene ya nchi ya theluji, iliyotafsiriwa kwa Kiingereza. Ilimhusu mjane aliyemuuza ng'ombe wake wa pekee ili mwanawe akasome mji mkuu. Mtoto haandiki, mama anangoja, na siku mtoto anaporudi anakuta mlango umepigiliwa misumari.

Taabu ilianzia kwenye majina. Alipotamka la yule mjane, refu kama treni ya mizigo, Kijakazi alishika kifua. "Astaghfirullahi! Hilo ni jina, au mtu kapaliwa?"

Basi Augustino akayaacha majina, akasema tu "mama mmoja" na "kijana mmoja". Akajaribu kueleza theluji, kwamba huanguka kutoka juu, nyeupe kama unga.

"Unga wa bure kutoka mbinguni," alisema Mzee Mwinyimvua, "na bado wakafa njaa? Watu hao wavivu."

Theluji ikawa mvua ya masika. Treni ikawa basi, ngano ikawa mhogo. Ng'ombe naye hakudumu. Bi Kuruthumu aliuliza mjane maskini kampata wapi ng'ombe, na Augustino, bila kusita, akasema hakuuza ng'ombe bali magunia ya korosho. Usiku aliandika daftarini kwamba msomaji wa hapa hulazimika kuilisha hadithi ya kigeni chakula cha kwao ndipo iseme. Alijiona amegundua jambo la kisomi, kwamba anaihamishia hadithi Kariakoo. Hakuona kwamba haikuteremkia Kariakoo. Ilipita, ikaelekea kusini.

Watu wakarudi barazani, wakaongezeka. Wengine walikuja na mikeka yao. Walisoma pamba haraka haraka ili wamfikie yule mjane, wakambishania kana kwamba ni mpangaji wa nyumba ya pili.

"Huyo kijana hana shangazi wa kumsema?" Bi Kuruthumu aliuliza siku moja.

"Kitabuni hakutajwa, bibi."

"Wala mjomba? Jumbe wa mtaa? Nchi gani hiyo mtu ana mama mmoja tu duniani, na akimkosea hapana wa kumshika sikio?"

Chuoni walikuwa wameujadili upweke wa yule kijana kwa muda wa saa mbili, wakauita hali ya binadamu wa kisasa. Bi Kuruthumu aliuona kuwa ni upungufu wa mashangazi. Na Augustino mwenyewe, alipofunga mlango wake jioni ile, alihesabu ni nani katika mji huu mzima angeweza kumshika sikio. Hakupata mtu.

Walifika kwenye sura ambayo yule kijana anaanza kuionea aibu asili yake. Kitabuni ni kurasa ishirini za mawazo matupu: kijana anatembea kando ya mto ulioganda, anafikiri, anarudi, anafikiri tena. Augustino alijua kwamba akiwasimulia hivyo, Mzee Mwinyimvua atalala. Akaona aweke tukio. Akafungua kinywa, na tukio likaja lenyewe, limekwisha kupangwa.

Akasema, siku moja yule mama alifunga safari kwenda mjini kumwona mwanawe. Akamkuta langoni amesimama na wenzake, vijana wa kisasa. Mama ana vumbi la siku mbili. Mmoja akauliza, nani huyo? Na kijana akajibu, ni jirani yetu wa nyumbani.

Sokoni watu walikuwa wakipigiana kelele za bei za jioni. Barazani Kijakazi aliacha kufukuza nzi.

"Mama akasikia?" aliuliza.

"Alisikia."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Ndiyo, wanangu. Mama yake amenituma.'"

Mzee Mwinyimvua alikuwa ameshika kikombe, hakukipeleka mdomoni wala hakukiweka chini.

"Kamtuma nini?" aliuliza polepole.

"Amletee korosho. Zilikuwa kikapuni." Augustino alikuwa akiitazama sakafu ya baraza. "Kikapu alikuwa hajakitua bado. Alikuwa amekishika hivi. Na barua alizoandikiwa zamani na mwanawe, alizifunga kwenye pindo la kanga, kwa sababu hajui kusoma, lakini anapenda kuwa nazo."

Walitazamana. Bi Kuruthumu akajikusanya, akasimama. "Inatosha leo, mwalimu," alisema kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia naye. "Nenda kapumzike."

Siku zilizofuata mambo yalibadilika. Kijakazi alimwachia vitumbua mlangoni, vimefunikwa kawa. Mzee Mwinyimvua alimmiminia kahawa akakataa kupokea senti. "Kunywa, mwanangu," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza asimwite mwalimu. Augustino alifurahi kimoyomoyo. Alidhani ni nguvu ya fasihi. Aliongeza ukurasa mzima katika insha yake juu ya namna riwaya ya mbali inavyoweza kuwafanya watu wa mtaa wawe wakarimu.

Jumanne ya wiki ya pili alikuta barazani hakuna ubao. Pametandikwa mkeka mzuri, na katikati yake pana sinia lililofunikwa kitambaa. Wote walikuwepo, wamekaa kama watu waliokuja kuposa.

"Kaa, baba," alisema Bi Kuruthumu. Akafunua sinia. Palikuwa na doti ya kanga mpya, mche wa sabuni, na sukari iliyofungwa kwenye karatasi. Mwaka ule vitu hivyo havikuonekana hivi hivi. Watu walipanga foleni duka la ushirika tangu alfajiri, na mara nyingi walirudi na mikono mitupu. Kijakazi alikuwa ameacha biashara siku mbili kwa ajili ya foleni.

"Hivi ni vya mama," alisema Bi Kuruthumu. "Mpelekee. Mtihani wa kisomo umekwisha, darasa litapumzika. Huna udhuru."

"Mama yupi?"

"Mama yako, baba. Tumekuelewa."

Augustino alicheka kidogo, akaona hawacheki. "Jamani, hamkunielewa. Yule ni mtu wa kitabuni. Hayupo! Ametungwa na mzungu mmoja, amekufa zamani, wala Afrika hakuwahi kufika."

"Sikiliza," alisema Bi Kuruthumu. "Mtu mzima mwenye jambo zito halimwagi barazani kama maji ya vyombo. Husema, palikuwa na mtu mmoja. Nasi tuliolelewa tunamjua huyo mtu mmoja. Mimi nilipoachwa na mume wangu, nilikuja hapa hapa nikasema kuna mwanamke kaachwa mtaa wa pili. Hakuna aliyeniuliza jina lake. Waliniletea mchele. Ndivyo watu wanavyoambizana mambo. Nasi kwako tulisema, maskini, amekaa mwaka mzima kimya, leo ameona atuamini."

"Lakini kipo kitabu! Nitawaonyesha."

Alikimbilia chumbani, akarudi nacho. Aliketi mkekani akaanza kufunua kwa haraka, akitafuta ile sura. Alipata mto ulioganda. Alipata kijana anayefikiri. Alifunua mbele, akafunua nyuma.

Mzee Mwinyimvua, ambaye miezi minne nyuma hakujua herufi hata moja, alisogea akaweka kidole chake kwenye ukurasa. "Tusomee hapo penye jirani," alisema.

Augustino aliendelea kufunua.

"Huko kwenye unga unaoanguka," Kijakazi aliuliza kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko dhihaka yoyote, "wanavaa kanga? Si ulisema alifunga barua kwenye pindo la kanga?"

Hapo mikono ya Augustino ikasimama. Langoni hakukuwa na mtu katika kitabu kile. Hakukuwa na kikapu, wala korosho, wala "mama yake amenituma". Mjane wa nchi ya theluji hakuwahi kutoka kijijini kwake. Katika kurasa mia nne, hakuna mahali alipokanwa na mwanawe. Augustino alikuwa amewasimulia watu hawa dhambi yake neno kwa neno, huku akidhani anafundisha fasihi ya dunia. Wao, waliokuwa bado wanafuata maneno kwa kidole, waliisoma. Yeye aliyekaribia kupata diploma hakuisoma.

Alikifunga kitabu.

Mzee Mwinyimvua aliivuta ile kanga akasoma maandishi yake silabi kwa silabi: "Ni-me-ku-ja mwe-nye-we, si-ku-tu-mwa."

"Hilo jina nimelichagua mimi," alisema Kijakazi. "Zilikuwepo za maua mazuri zaidi. Nikaona hapana. Akamvishe hii."

Augustino alilipokea sinia kwa mikono miwili, akaenda chumbani, akaufunga mlango. Kamusi ilikuwa palepale. Alizitoa barua akazifungua kwa mpangilio wa kuja kwake.

Ya kwanza ilisema watu wa kwao wamehamia kijiji kipya kando ya barabara, na ikaeleza njia, ili asije akapotea akirudi. Ya pili ilisema korosho zile alizopelekewa zilikuwa za msimu uliopita, za mwaka huu ni nene zaidi. Kisha katekista aliandika: "Mama yako anauliza wale marafiki zako watatu, hawajambo?" Augustino aliuweka uso wake kwenye meza kwa muda.

Ya tatu, ile ya mwandiko wa kupinda, haikuwa imeandikwa na mtoto wa katekista. Ilikuwa karatasi ya daftari la kisomo, ile ile ya mistari mipana aliyokuwa akiwagawia Kijakazi na wenzake. Herufi zilipanda na kushuka, na penseli ilikuwa imebonyezwa mpaka ikatoboa.

AGUSTINO. MIMI NI MAMA YAKO. NAANDIKA MWENYEWE. KOROSHO ZIMEANZA KUANGUKA.

Tarehe ya posta ilikuwa ya Oktoba iliyopita. Miezi kumi. Katika hiyo, miezi minne aliwashika mikono mama za watu, akawaonyesha namna ya kuandika majina yao, akawasifu walipoweza. Mama yake mwenyewe alikuwa ameweza, na sifa yake ilikaa gizani, kati ya kurasa za lugha asiyoijua.

Kusoma habari za watu wa mbali ni jambo jema, na asiyesoma amejifungia dirisha. Lakini dirisha halikuwekwa ili mtu asiutazame mlango. Aliyeijua huzuni ya mjane wa theluji, na akashindwa kufungua bahasha ya mama yake, alikuwa bado hajaanza kusoma, hata angekuwa na vitabu hadi darini. Augustino aliliona hilo mwenyewe, bila kuhubiriwa. Alichukua daftari la insha, akafuta mstari wake alioupenda. Hakuandika mwingine mahali pake.

Safari ya kusini ilikuwa siku mbili. Hakuchukua riwaya. Ndundu, penye kivuko cha mto, abiria waliteremshwa wasubiri pantoni, na ukingoni palikuwa na tope na maji, akavua viatu akavuka na sinia kichwani, kanga na sabuni zimefungwa juu yake. Katika basi hakuwa na mtu wa kuzungumza naye. Aliketi dirishani, akajifunza sentensi moja ya kusema akifika, akaibadilisha, akaibadilisha tena.

Alifika alasiri ya siku ya pili. Nyumba za kijiji kipya zilipangwa mistari miwili, na hakuijua hata moja. Aliuliza nyumba ya Celina, akaambiwa kwa saa hii hayupo nyumbani, yuko darasani.

Darasa lilikuwa chini ya paa la makuti, halina kuta. Wanawake kumi na watano hivi walikaa kwenye magogo, wamempa mgongo. Aliijua shingo yake kwanza. Alikuwa amekonda. Ameinamia daftari, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo, kama Kijakazi anapoandika.

Mwalimu, msichana aliyemaliza darasa la saba, alimwona amesimama. "Karibu, ndugu mgeni. Wewe ni nani?"

Sentensi yote aliyoitengeneza njiani ilimpotea. Alivua kofia, akasema kwa sauti ambayo hata wa mbali waliisikia:

"Mimi ni mtoto wa Celina."

Migongo yote ikazunguka, isipokuwa mmoja. Ule haukutikisika. Penseli ilisimama, kisha ikaendelea kwenda.

"Mama Augustino," mwalimu aliita, "kweli huyu ni wako?"

"Mwambie akae," alisema Celina, bila kuinua kichwa. "Ngoja nimalize mstari."

Augustino akaliweka sinia chini, akaketi kwenye gogo la nyuma, peke yake, akangoja.